Kikapu Mkononi, Safari ya Sokoni

Leo mazungumzo yetu ni juu ya kikapu, chombo ambacho bibi zetu wa pwani, kabla ya kujulikana mifuko ya plastiki, walikisuka kwa ukili wa miyaa na kwenda nacho sokoni alfajiri, wakarejea kimejaa samaki, ndizi na nazi, kisha wakakitundika ukutani kungoja siku ya pili.

Ni kweli kwamba sheria imetuhimiza kukirudia kikapu, kwani Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Lakini sheria peke yake haimkumbushi mtu kikapu chake atokapo mlangoni, ila akili na moyo. Mwenye kikapu hulipa mara moja kwa chombo kitakachomtumikia miaka, badala ya kununua mfuko kila aendapo dukani. Mzigo wake haupasuki njiani. Na fedha aliyompa msusi humnufaisha jirani. Zaidi ya hayo, anafahamu kwamba mfuko uliotupwa huziba mtaro hata maji ya masika yakaingia nyumbani, na ukifika baharini kasa huudhania yavuyavu, akaumeza, akahiliki.

Basi, ndugu zangu, tundikeni vikapu karibu na mlango, muwazoeze watoto kuvichukua kila watumwapo dukani, kwani ardhi na bahari ni amana tuliyokabidhiwa, na amana sharti irejeshwe salama.