Picha ya ukutani Myamba, kibali kwa nani?

Kijana wa Myamba, wilayani Same, akitaka kuchora mama akichimba tangawizi kwenye ukuta wa soko, kibali akiombe wapi? Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, husajili wasanii. Lakini ukuta wa soko ni mali ya umma ya hapahapa. Na kijiji kina mamlaka ambayo wengi hawayajui: kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982, halmashauri ya kijiji hupendekeza sheria ndogo, mkutano mkuu hutoa maoni, Halmashauri ya Wilaya ya Same huidhinisha. Myamba iitumie nafasi hiyo. Iandikwe nani aombwe, ajibu ndani ya siku ngapi, na picha ikifutwa, msanii apewe sababu kwa maandishi. Asitozwe ada kama ya bango la biashara.