Safari ya Butiama kwa Asiye na Gari

Mwaka 1934 mtoto wa Mtemi wa Wazanaki aliondoka nyumbani kwao Butiama kwenda kuanza masomo katika shule ya Mwisenge, mjini Musoma. Umri wake ulikuwa miaka 12, na mwendo ulikuwa wa maili zipatazo 26. Mtoto huyo ni Kambarage, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Oktoba 1967, akiwa Rais wa nchi, alitoka tena Butiama kwa miguu, safari hii hadi Mwanza kwenye mkutano wa TANU, kuunga mkono Azimio la Arusha. Alitembea maili 138 kwa siku nane.

Nimezitaja safari hizo mbili kwa sababu leo nataka tuzungumze juu ya njia ya kwenda Butiama, hasa kwa mtu asiye na gari lake.

Anayetoka Mwanza hupanda basi la Musoma. Barabara ni ya lami, nayo hupita Magu na Lamadi hata kufika lango la Ndabaka. Hapo watalii hukunja kulia kuingia Serengeti kutazama wanyama. Basi huendelea hadi Bunda, kisha Kiabakari, kisha Makutano. Makutano ndipo njia zinapoachana: kushoto ni Musoma mjini, mbele ni Tarime na Sirari mpakani, na kulia ni Butiama.

Hapo ndipo taabu ya mgeni inapoanza. Basi limekwenda zake. Kilichobaki ni bodaboda, au kile kigari kidogo ambacho watu wa Kanda ya Ziwa hukiita mchomoko, ambacho hakiondoki mpaka kijae. Mwenye haraka hulipia nafasi zote zilizobaki. Na akishafika, linakuja swali la pili: atarudi saa ngapi, na kwa chombo gani? Ndiyo maana mwenye kujua huondoka Musoma au Bunda asubuhi na mapema, na hupatana na dereva nauli ya kwenda na kurudi kabla hajapanda.

Je, anachokwenda kukiona kinalipa taabu hiyo? Kinalipa. Yapo Makumbusho ya Mwalimu, yaliyofunguliwa mwaka 1999, yenye vinyago, picha na zawadi alizopewa katika maisha yake ya uongozi. Ipo Mwitongo, penye nyumba yake, makaburi ya wazazi wake, na kaburi lake mwenyewe alimozikwa Oktoba 23, 1999. Upo msitu wa Muhunda, unaoheshimiwa katika mila za Wazanaki. Na yapo majabali, yamepandana moja juu ya jingine, ambayo hayakuchongwa na fundi yeyote lakini mtu huyatazama asichoke.

Lakini mambo haya hayako mahali pamoja. Shule aliyosoma iko Musoma. Kaburi liko Butiama. Njia ya kwenda Mwanza inapita Bunda. Wapo watakaosema kutawanyika huku ni kasoro. Mimi nasema huenda ndiyo mali yenyewe, na wako watu mbali sana na Mara waliokwisha kulitambua jambo hilo.

Katika mkoa wa Niigata, nchini Japani, kuna eneo la vilima na mashamba ya mpunga liitwalo Echigo-Tsumari, lenye kilomita za mraba zipatazo 760. Vijana wake wengi walikimbilia mijini, na shule zikafungwa kwa kukosa watoto. Mwaka 2000 yakaanzishwa huko maonyesho ya sanaa ya kila miaka mitatu. Hawakujenga jumba moja kubwa wakaweka kila kitu humo. Waliitawanya sanaa vijijini. Sanamu za wakulima, kazi ya Ilya na Emilia Kabakov, zimesimama kwenye matuta ya mpunga. Shule iliyofungwa imegeuzwa makumbusho ya vitabu vya picha. Mgeni hufika Tokamachi kwa treni, kisha huzunguka kwa basi au gari, na tiketi moja humwonyesha kazi nyingi. Mwendo huo mrefu umekusudiwa. Anapotoka kijiji hiki kwenda kile, mgeni huona mashamba, hula chakula kilichopikwa na akina mama wa pale, na fedha yake hubaki pale.

Sisi hatuna haja ya kuagiza sanamu. Tunachohitaji ni kuunganisha tulivyo navyo. Halmashauri za Musoma, Butiama na Bunda zikikaa pamoja, zinaweza kusimamia basi dogo lenye saa zinazojulikana, linaloanzia Musoma, linaloingia Butiama, na kumalizia Bunda, kisha kurudi. Saa hizo ziandikwe kwenye kibao pale Makutano, mgeni asome asihitaji kubahatisha. Wapiga litungu wajue siku ya wageni. Mama lishe ajue apike ugali na sato wa watu wangapi.

Mwenye basi atauliza: abiria wako wapi? Ni swali la haki. Jibu ni kwamba basi hilo lisiwe la watalii peke yao. Mama anayepeleka mazao sokoni atalipanda. Mgonjwa anayekwenda Musoma atalipanda. Mwanafunzi atalipanda. Mgeni ataketi katikati yao, na kabla hajafika makumbusho atakuwa amekwisha kusikia mengi juu ya Butiama.

Ndugu msikilizaji, Mwalimu alihubiri kwamba asiye nacho naye ni mtu. Haitapendeza kaburi lake likawa rahisi kufikiwa na mwenye gari, huku mtoto wa mkulima wa Bunda, jirani kabisa, akimaliza shule bila kuliona kwa kukosa usafiri. Yule mtoto wa mwaka 1934 alitembea maili 26 kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Sisi lami tunayo. Kilichobaki ni basi na saa yake.