Viatu vya Kupandia Milima ya Mawe

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya viatu. Wala si viatu vya kwendea arusini au kanisani, bali viatu vya kupandia milima ya mawe. Sisi tukaao Ng'ambo, hapa Tabora, hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta milima hiyo. Vilima vya majabali vimeuzunguka mji wetu, na watoto huvipanda tangu wakiwa wadogo: wengine wakichunga mbuzi, wengine wakitafuta kuni, wengine kwa mchezo tu.

Hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa letu. Mwaka mmoja sisi walimu wa chuo tuliwachukua wanachuo wetu kupanda kilima kimoja, ili wajifunze habari za miamba. Kwa kuwa tulipenda waonekane nadhifu, tuliwaamuru wote wavae viatu vyao vyeusi vya ngozi. Kijana mmoja alikuja na katambuga, yaani vile viatu vikatwavyo katika matairi ya motokaa; tukamrudisha bwenini akabadili. Kupanda tulipanda salama. Lakini wakati wa kushuka mvua ilinyunya kidogo, mawe yakalowa, na kijana yule yule akateleza, akaanguka, akavunjika mkono. Hakutulaumu hata kidogo, ila njiani alituuliza swali moja: "Mwalimu, vile viatu vyangu vilikuwa na kosa gani?" Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo tumejitahidi kulitafuta, nayo tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea leo.

Kwanza yafaa tujue kwa nini kiatu hushika. Ukilipapasa jiwe la vilima vyetu kwa kiganja, utaona kwamba lina chenga ngumu, na kati ya chenga mna vishimo vidogo. Mpira ukikandamizwa na uzito wa mtu hubonyea, ukaingia katika vishimo vile, ukashikana na jiwe. Soli ya ngozi ni ngumu, haibonyei. Hukaa juu ya chenga kama sahani juu ya kokoto, na ikilowa maji huteleza. Soli ya plastiki ngumu ni vivyo hivyo, hata ikiwa na michoro mizuri chini yake.

Wazee wetu wa Unyamwezi, waliochukua mizigo ya ratli 60 au 70 kati ya Tabora na pwani katika karne ya 19, wengi walikwenda miguu mitupu, na wengine walivaa viatu vya ngozi ya ng'ombe vilivyofungwa kwa kamba. Mguu mtupu hushika jiwe vizuri sana, maana unyayo ni laini, na vidole hujua kutafuta mahali pa kukanyaga. Ila hauna kinga ya miiba, wala ya mawe yaliyochomwa na jua la mwezi wa Oktoba.

Kutumia mpira wa tairi si akili ya kwetu peke yetu. Hapo zamani wapandaji milima wa Ulaya walivaa mabuti mazito yenye misumari katika soli. Mwaka 1935 Vitale Bramani, mtu wa Milano katika nchi ya Italia, alikwenda mlimani pamoja na wenzake. Viatu walivyovaa kwa kupanda miamba vilikuwa na soli nyembamba. Dhoruba na baridi vikawakuta huko juu, na watu 6 miongoni mwao wakafa. Bramani aliporudi alitafuta soli moja iwezayo kushika mwamba na kustahimili theluji pia. Mwaka 1937, kwa msaada wa wenye kiwanda cha matairi cha Pirelli, alitokeza soli ya mpira yenye meno makubwa, nayo ikaitwa Vibram, kutokana na jina lake. Waitalia walipokifikia kilele cha K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, mwaka 1954, soli hizo zilikuwa miguuni mwao. Basi mwaona kwamba Mwitalia yule na fundi wetu aketiye sokoni, kila mmoja kwa njia yake, walikimbilia mpira wa tairi.

Lakini tusidanganyane: si kila katambuga yafaa, na si kila kiatu cha mpira chafaa. Tazameni mambo manne kabla ya kutoa fedha.

La kwanza ni soli. Chagua tairi ambalo meno yake hayajalika, tena lisilo na nyufa, kwa maana mpira wa zamani hukauka ukawa mgumu. Pitisha kidole kwa uangalifu kandokando ya soli, kwa sababu matairi mengi yana nyuzi za chuma ndani yake, nazo zikichomoza hukata mguu.

La pili ni mikanda. Mkanda wa nyuma ya kisigino ni wa lazima. Pasipo huo, mguu husogea mbele wakati wa kushuka, vidole vikagonga mawe, na kiatu chaweza kukuvuka mahali pabaya. Uvute kila mkanda kwa nguvu, na utazame kama misumari imelazwa sawasawa.

La tatu ni kipimo. Pima viatu jioni, wakati miguu imekwisha kuvimba kwa kazi ya mchana. Kikiwa kiatu cha kufunika, pawe na nafasi kidogo mbele ya vidole, wala kisigino kisipande na kushuka ndani.

La nne ni majaribio. Tafuta jiwe lililoinama, lisilo refu kuliko goti lako, usimame juu yake. Kisha limwagie maji usimame tena. Kiatu kikiteleza hapo, kitateleza na huko juu. Wala hapana kiatu kiwezacho kuaminiwa juu ya ukoga uliolowa. Mahali hapo pazungukeni.

Kwa mlima mrefu kama Kilimanjaro, wenye mita 5,895, katambuga hazitoshi. Huko kuna baridi kali na barafu, na mtu ahitaji mabuti yafunikayo kifundo cha mguu. Tena mabuti yakilowa msiyakaushe karibu na moto: ngozi hukakamaa, na gundi ya soli huachia.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kijana yule alikuwa na rafiki mwema miguuni pake, nasi tukamwamuru amwache bwenini kwa sababu hakung'aa. Viatu vyake havikuwa na kosa lo lote. Kosa lilikuwa letu, tuliotazama juu ya kiatu tusitazame chini yake. Walimu wenzetu, na ninyi wazazi, mtakapowapeleka watoto milimani, wapangeni mstari kwanza, mwambie kila mmoja ainue mguu, mkague soli.