Wazee Wetu na Kinga ya Mwili
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Shume)



Neno letu ni moja: mzee akishikwa na ugonjwa wa virusi, kama mafua makali, tusingoje homa ndipo tumpeleke zahanati.

Hapa Shume sote twajua kazi ya kitalu cha miche. Miti mikubwa husimama miaka mingi, lakini kitalu kikikauka, pengo la mti ulioanguka halizibwi. Mwili nao una kitalu chake. Nyuma ya mfupa wa kifua iko tezi iitwayo thaimasi, ambamo hukomazwa chembe nyeupe za damu zipiganazo na virusi. Tezi hiyo hunywea kadiri miaka ipitavyo, na mahali pake hushikwa na mafuta. Basi mzee anazo chembe zinazowakumbuka adui wa zamani, bali chembe mpya za kumkabili adui mgeni ni chache.

Hayo yalidhihirika UVIKO-19 ilipoingia Tanzania mwezi wa Machi 2020. Duniani kote ugonjwa ule uliua wazee kuliko vijana. Chanjo ilipoanza nchini Julai 2021, miongoni mwa waliotangulizwa walikuwamo watu wa miaka 50 na zaidi.

Hata adui wa zamani huweza kuamka. Virusi vya tetekuwanga ya utotoni hubaki vimelala katika mishipa ya fahamu. Ulinzi ukilegea uzeeni, huzuka tena, nasi huviita mkanda wa jeshi.

Sasa, ndugu zetu, homa ni kazi ya kinga yenyewe. Kinga ikichoka, homa huwa ndogo au haionekani kabisa. Mzee huacha kula, huchanganyikiwa, huanguka, nasi twasema, "Ni uzee tu, na baridi ya Shume." Hapo ndipo tukosapo.

Kwa hiyo yatupasa mambo matatu. Dalili hizo zikizuka ghafula, tumpeleke mzee kwa mganga siku ile ile. Mwenye mafua asikae naye karibu na moto wa jikoni. Na chanjo tusiidharau: ingawa mwili wa mzee huipokea kwa uhafifu kuliko wa kijana, humpunguzia ukali wa ugonjwa.

Wazee hawa ndio waliouza viazi ili sisi tusome. Si haki wafe kwa ugonjwa tuliouita uzee.