Bei ya Mlangoni



Leo nitawasimulia habari ya mpwa wangu. Anachimba madini ya kasiterite upande wa Kasese, huku kwetu Punia, na mwaka juzi alishuka mjini Kindu kununua pikipiki mpya. Alikuwa na dola 1,200 ndani ya soksi. Mlangoni mwa duka palisimama pikipiki nyekundu ya Kihindi, ya 125, na karani akamwambia bei ni 1,150. Kijana akapiga hesabu: 1,150 ya pikipiki, 50 ya mafuta na chakula cha njiani. Akakubali. Wakashikana mikono, akaletewa kiti na soda.

Soda ilipofika nusu, karani akatoa kalkuleta. Montaji, dola 30. Batri na asidi yake, 25. Oili ya kwanza, 7. Usafiri, 60. Karatasi, 120. Jumla 1,392. Mpwa wangu akakaa Kindu siku nne kwa shemeji yake akitafuta dola 192, na pikipiki ikimngoja dukani kama mchumba ambaye mahari yake haijatimia.

Tuanze na hiyo montaji. Pikipiki hizi zinafika ndani ya sanduku. Usukani uko pembeni, gurudumu la mbele pembeni, batri kavu haijatiwa tone la asidi, na vioo viwili vimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na spana. Fundi anayejua kazi anaifunga nusu siku. Kazi hiyo ni ya kweli na fundi lazima ale. Lakini sasa niambieni, ile 1,150 ilikuwa bei ya nini? Mlangoni ilisimama pikipiki iliyofungwa tayari, ina magurudumu yote mawili. Hakuna aliyemwonesha kijana sanduku. Seremala wa hapa Punia akikuuzia kitanda, hakudai misumari baadaye.

Usafiri nao, sitausema vibaya. Pikipiki inashuka melini Mombasa au Dar es Salaam, inavuka nchi nzima, wakati mwingine mbili au tatu, kabla ya kuiona Kongo. Nyingine zinavuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kalemie na kupanda reli hadi Kindu, treni ikipenda. Nyingine zilikuwa zinatua kwa ndege kutoka Goma na Bukavu, lakini waasi wa M23 walipoichukua miji hiyo Januari na Februari 2025, mlango huo ulifungwa, na kila mfanyabiashara wa Kindu ameyaona hayo mfukoni mwake. Gharama ipo, tena kubwa. Ila mfanyabiashara aliijua tangu siku aliyoshusha mzigo, imeandikwa katika daftari lake. Kwa nini mimi niijue wakati soda imefika nusu?

Niliwahi kumuuliza mwenye duka mmoja, mtu ninayemheshimu. Akanijibu bila kuficha: «Papa, nikisema 1,400 mlangoni, mteja anavuka barabara kwa jirani yangu anayesema 1,150. Jioni jirani atamtoza 1,420, na mimi nitakuwa nimelala njaa.» Ninamsadiki. Anayesema bei nzima peke yake anaadhibiwa na wateja wenyewe. Si hapa kwetu tu. Huko Marekani wauzaji wa pikipiki wanaongeza mambo yale yale: usafiri, kufunga, karatasi. Mwezi Desemba 2023 tume yao ya biashara ilitangaza kanuni ya kuwalazimisha wauzaji wa magari kutaja bei nzima tangu mwanzo. Januari 2025 mahakama ikaifuta kabla haijaanza kazi. Na pikipiki, kwa taarifa yenu, hazikuwemo hata katika kanuni hiyo.

Lakini linalonikera hasa ni neno moja kwenye hesabu ya karani. Karatasi, dola 120. Karatasi zipi?

Ukiifungua hiyo 120 utakuta vitu visivyo ndugu. Kuna karatasi ya forodha, ya DGDA, inayoonesha kwamba pikipiki imeingia nchini kihalali. Hiyo ni ya pikipiki yenyewe, mwenye duka aliilipia alipoingiza mzigo, na bila hiyo ofisi ya kodi, DGI, haikupi plaki ya namba wala karte roze ya usajili. Kukuuzia hiyo ni kama kukuuzia mbuzi, kisha kudai malipo ya kamba aliyokuja nayo shingoni. Kuna plaki, ambayo ni fedha ya Serikali, na unaweza kwenda kuilipia mwenyewe ukashika risiti ya benki yenye jina lako. Kuna bima, zamani ilikuwa ya SONAS ya Serikali peke yake, lakini sheria ya 2015 ilifungua soko, kwa hiyo hata hapo una haki ya kuuliza. Halafu kuna ada ya mtu wa kukimbia ofisi hadi ofisi, na hiyo ndiyo peke yake mali ya duka. Vyote vimetiwa katika neno moja, na neno moja halina risiti.

Kisha linakuja lile swali la kunong'ona: «Unataka na fakture, ama bila fakture?» Kodi ya TVA ya asilimia 16 tunayo tangu 2012, na wauzaji wengi wamegeuza fakture kuwa bidhaa ya pekee yenye bei yake. Kijana anachagua bila, anaona ameokoa. Siku pikipiki ikiibwa, ama polisi wa rulaji wakiisimamisha na kuuliza ni ya nani, hana hata kipande cha kuonesha. Sheria ya tarehe 9 Julai 2018 inaitwa sheria ya uhuru wa bei na ushindani, nami nakubali, mtu na auze apendavyo. Uhuru wa kuweka bei sio uhuru wa kuificha.

Na tumfikirie mnunuzi mwenyewe. Hapa Punia mfuko wa kasiterite unafungwa etiketi ili ijulikane umetoka shimo gani. Mchimbaji akiupeleka kwa mnunuzi anapunguziwa: maji, mchanga, mizani. Anavumilia. Fedha hiyo hiyo iliyokwisha kupunguzwa anaichukua hadi Kindu, na huko anaongezewa. Mfuko una etiketi; pikipiki itakayoubeba haina.

Kwa hiyo ukienda, usiulize «bei gani?» Swali hilo lina jibu lake tayari. Sema hivi: «Niwashe moto niondoke nayo, karatasi zote mkononi, nalipa ngapi?» Kisha nyamaza, mwache karani aandike. Soda uipokee baada ya hapo. Na usiende peke yako. Nenda na motari mzee aliyekwisha kununua mbili au tatu, mtu anayejua ndani ya sanduku mna nini.

Mpwa wangu alirudi. Alivuka mto Elila, akavuka mto Ulindi, akaingia hapa na matope hadi kifuani, akicheka. Pikipiki ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Ila nilitazama usukani nikaona mashimo mawili matupu. Nikamuuliza vioo viko wapi. Akasema vilikuwa dola 10, na wakati huo alikuwa amebakiwa na mafuta tu.

Bado hajavinunua. Akitaka kujua nani anakuja nyuma yake, anageuza shingo.