Jina la Cucu: Nasaba na Saratani ya Matiti Thika na Ruiru



Mimi ni kifungua mimba. Kwa desturi yetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba; wa pili ndiye huchukua la mama yake mama. Baba aliniita "maitu", yaani mama yangu, hadi akafa. Lakini kila nilipokwenda kupimwa niliulizwa swali lile lile: mama yako amewahi kuugua kansa ya matiti? Nikajibu hapana, na ilikuwa kweli. Cucu, yaani nyanya, niliyerithi jina lake alifariki kabla sijazaliwa, na nyumbani ilisemwa tu kwamba "aliugua kwa muda mrefu". Nilikuwa na miaka 41 tata, dada yake baba, aliponinong'oneza kwamba titi la cucu lilikuwa limegeuka kidonda.

Mwaka 1990 mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kwamba katika baadhi ya familia ugonjwa huu unafuata jeni iliyo kwenye kromosomu ya 17. Jeni hiyo, BRCA1, ilitambuliwa 1994, na BRCA2 mwaka uliofuata. Baba mwenye hitilafu katika mojawapo ya jeni hizi anaweza kuishi bila kuugua, na bado kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, sawa kabisa na kama ingetoka kwa mama. Kwa hiyo swali linaloishia kwa mama limeacha nusu ya ukoo nje ya mlango.

Msiondoke hapa na hofu. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, ni kama 5 hadi 10 tu walioirithi kwa njia hii. Mwenye mama au dada aliyeugua, hatari yake huwa karibu maradufu ya ya wengine. Hiyo ni sababu ya kuanza mapema, si hukumu.

Mapema lini? Hapa ndipo umri unapokuwa na thamani kuliko jina la ugonjwa. Madaktari wengi hushauri binti aanze kuchunguzwa miaka 10 kabla ya umri ambao jamaa yake wa karibu aligunduliwa. Dada yako aligunduliwa akiwa na 45? Wewe usingoje kupita 35. Na kwa kuwa matiti ya msichana huwa yameshikana, mamogramu huweza kukosa kuona kitu. Daktari anaweza kuongeza altrasaundi, au MRI kwa walio katika hatari kubwa zaidi. Nenda hospitali ya Thika Level 5 au ya Ruiru Level 4 ukiwa na majibu haya: nani, wa upande gani, akiwa na miaka mingapi.

Nimesikia sokoni kwamba ukitafuta ugonjwa utaupata. Ninaelewa anayesema hivyo, maana amewaona wengi wakienda hospitalini na kurudi kwa jeneza. Mwaka 2020 Kenya ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 6,700 wa saratani hii, na vifo zaidi ya 3,000. Lakini wengi wao walifika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, kwa sababu uvimbe wa mwanzo mara nyingi hauumi, na kisichouma hakimtoi mtu kazini. Aliyepimwa akiwa mzima hatumwoni matangani, basi hatumhesabu.

Wanaume mlio hapa, nyinyi ndio mnaojua mama zenu na shangazi zenu waliugua nini. Binti zenu hawawezi kulijua hilo msipowaambia.

Tata sasa ana miaka 79. Jumapili tutapanda matatu kwenda kwake, mimi na binti zangu wawili, na daftari. Mkubwa ana jina la mama mkwe wangu, kwa hiyo tukitoka huko tutapitia pia kwa dada zake mume wangu.