Njaa Isiitwe Kufunga

Somo: Marko 5:35–43, Isaya 58:6–7

Leo nina neno la kuhubiri na neno la kutubu. Ninaanza na lile la kutubu.

Jumapili moja mama wa kanisa letu alisimama kutoa ushuhuda. Alisema ni wiki ya tatu hali chakula. Anakunywa uji tu, asubuhi na jioni, uji anaotengeneza mwenyewe kwa unga wa mahindi na soya kidogo. Tulipiga makofi. Mimi nilishika maikrofoni nikasema, "Huyu ndiye mama wa maombi. Mwigeni!" Na wengine wakamwiga.

Siku chache baadaye nilipita kwake jioni. Mume na watoto wakubwa walikuwa wanakula mchele na sombe. Yeye alikaa pembeni na kikombe chake, na mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu akanywa katika kikombe kile kile. Nikauliza, "Mama, ungali unafunga?" Akainamisha kichwa. "Pasta, si kufunga. Mchele hautoshi. Niliona haya kusema mbele ya watu."

Nikashika mguu wa mtoto. Ulikuwa umevimba. Nilipobonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Wazee wetu wanaujua ugonjwa huo: ni bwaki. Tulimpeleka hospitali usiku ule ule. Mungu ni mwema, mtoto yuko hai. Lakini mimi niliipa njaa jina la kufunga, na leo ninaomba msamaha mbele ya Mungu na mbele yenu.

Sasa tutazame nyumba ya Yairo. Bwana alimshika binti mkono, akainuka, akatembea. Watu wote wanashangaa. Bwana anasema nini? Anaagiza mtoto apewe chakula! Yeye aliyeshinda mauti angeweza kumshibisha kwa neno moja. Lakini kazi ile aliwaachia watu wa nyumba. Mkono wa Bwana unainua, mkono wetu unalisha.

Mtu atasema, "Pasta, na Danieli je?" Danieli na wenzake waliomba mboga na maji kwa siku kumi, na siku zilipotimia msimamizi alitazama nyuso zao. Kama tunamfuata Danieli, basi na sisi tutazame nyuso. Uso wa mama yule ulikuwa umekonda, nasi tulikuwa tunapiga makofi.

Wapendwa, uji si adui. Uji mzuri ni baraka. Kosa ni kuufanya uwe chakula chote. Tumbo la mtoto ni dogo: kwa kila kilo ya uzito wake linabeba kama mililita 30. Mtoto wa kilo 8 anajazwa na mililita 240 hivi, kikombe kimoja tu. Kama ndani yake ni maji mengi na unga kidogo, ameshiba maji. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika juu ya watoto waliovimba hivi baada ya kulishwa mahindi. Alitumia jina la wenyeji, kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa mdogo wake anapozaliwa.

Kwa hiyo, akina mama, mtoto anyonye tu mpaka miezi 6. Baadaye apewe chakula, na aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Uji uwe mzito, usitiririke kama maji kutoka kwenye kijiko. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, maana soya mbichi inalizuia tumbo kufaidi chakula. Karanga zenye ukungu zitupwe. Tia mawese kidogo, tia samaki mkavu aliyetwangwa. Halafu mtoto ale pia sahani ya nyumba: maharagi, lengalenga, yai likipatikana.

Akina baba, ninyi mnaoketi kwanza mezani, ulizeni, "Mama wa watoto amekula nini?" Swali hilo nalo ni ibada. Mwenye mimba, anayenyonyesha, mgonjwa na mtoto mdogo wasifunge chakula. Waombe, na Mungu atawasikia.

Isaya anatufundisha kwamba mfungo anaoupenda Bwana ni kumgawia mwenye njaa chakula chetu. Basi tuanze. Jumapili ijayo, anayeweza alete kikombe cha mchele au cha karanga. Akina mama wa huduma watavipeleka jioni, bila kutaja jina la mtu kanisani. Na wewe mwenye haya, uliyeficha njaa yako ndani ya ushuhuda, njoo uniambie. Sitakupigia makofi tena. Nitakuuliza umekula nini.

Tuombe. Baba, utusamehe tulipoimba juu ya njaa ya ndugu yetu. Utufungue macho tuone kikombe kilicho pembeni. Katika jina la Yesu. Amina.